Ulevi Kando ya Ziwa: Minyororo Haikumponya Mtu

Mwezi unapokuwa mpevu juu ya Ziwa Viktoria, wavuvi wa dagaa hawaendi majini. Taa zao, ziwe karabai za enzi za baba zao au zile za betri na nguvu za jua zilizoenea siku hizi, hazina kazi usiku ambao ziwa zima limemulikwa kutoka juu. Dagaa hutawanyika, na nyavu hutundikwa. Katika makambi ya visiwani, kuanzia Ukerewe na Ukara hadi Kome na Goziba, siku hizo za mbalamwezi ndizo siku za kushona nyavu, kugawana mapato na kunywa. Mtu aliyekesha majini usiku baada ya usiku, mbali na mkewe na watoto wake, akiwa na fedha taslimu mfukoni na hana benki wala shamba karibu, huona mbele yake mlango mmoja tu ulio wazi, nao ni mlango wa kilabu cha pombe.

Mtumishi wa Serikali anayefika kambini kwa kazi ya siku moja hutikisa kichwa na kusema kwamba wavuvi hawana akili ya kesho. Asiwe mwepesi wa kutikisa kichwa. Naye ana mbalamwezi yake, nayo huja mara moja kwa mwezi, siku mshahara unapoingia. Tofauti iliyopo ni kiti anachokalia na lebo iliyo juu ya chupa. Mvuvi hunywa gongo chini ya mwembe na kuitwa mlevi. Karani hunywa bia Mwanza mjini na kuitwa mtu wa watu, mpaka siku atakaposhindwa kulipa karo ya mwanawe. Ni dhahiri kwamba jambo linalowapata wawili hao ni moja, na haifai kulipa jina la tabaka.

Katika maandiko ya Kikristo kimo kisa cha mtu aliyeishi kando ya ziwa, ingawa ziwa lenyewe ni dogo sana likilinganishwa na hili. Injili ya Marko, katika sura ya 5, inasimulia habari za mtu aliyekaa makaburini katika nchi ya Wagerasi, akipiga kelele usiku na mchana na kujikatakata kwa mawe. Watu wa mji walikuwa wamemfunga mara nyingi kwa pingu na minyororo, na kila mara aliivunja. Injili haisemi kwamba mtu huyo alikuwa mlevi, wala isilazimishwe kusema hivyo. Lakini inaeleza hali ambayo kila mwalimu na kila mganga wa zahanati wa pwani hii ameiona: mtu anayejidhuru kwa mkono wake mwenyewe, na jamii ambayo dawa pekee iliyonayo ni mnyororo.

Nchi hii nayo imejaribu minyororo yake. Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 iliweka leseni na saa za kuuza. Gongo isiyo na leseni hufukuzwa na polisi kila mwaka, mitambo yake ya mapipa huvunjwa, na baada ya majuma machache moshi huonekana tena nyuma ya migomba. Mwaka 1983 ilipitishwa Sheria ya Nguvukazi, na watu walioonekana kuwa wazururaji wakaondolewa mijini wakapelekwa mashambani. Wengi wao walirudi hata kabla mbegu hazijaota. Tarehe 1 Machi 2017 Serikali ilipiga marufuku pombe kali za vifuko vya plastiki, zile zilizojulikana kama viroba. Uamuzi huo ulikuwa wa busara, kwa maana kiroba kiliingia katika mfuko wa sare ya shule bila kuonekana, na bei yake ilikuwa ndani ya uwezo wa mtoto. Hakuna mtu mwenye nia njema anayetaka virudi. Hata hivyo, sheria hufika kwenye chupa. Kwenye kiu haifiki.

Kiu hiyo ni nini? Hapa ndipo Ukristo, kama ukisomwa kwa makini na si kwa makelele, una neno la kumwambia hata yule asiyekwenda kanisani. Serikali haina dini, na ni vema iendelee hivyo. Lakini wananchi wanazo dini zao, na mlevi wa Mwanza akichoka na hali yake mara nyingi hupita kanisani au msikitini kabla ya kufika hospitalini. Waislamu jambo hili wamelikata mapema kwa kuharamisha kileo chenyewe. Ni Wakristo ambao bado wana ubishi nyumbani mwao, na ubishi huo una gharama.

Wamisionari wa Afrika, wale walioitwa Mapadri Weupe, walifika Bukumbi, kusini ya Mwanza, mwaka 1883. Walikemea ulevi lakini hawakukataza pombe, kwa sababu hata Misa yenyewe huadhimishwa kwa divai. Misheni ya Afrika Inland, iliyopokea kituo cha Nassa kutoka kwa Waanglikana mwaka 1909, ilifuata njia nyingine. Katika kanisa lililozaliwa na misheni hiyo, mshiriki hanywi kabisa, na anayeonekana amekunywa hutengwa na ushirika. Waadventista nao husimama upande huohuo. Kila upande una hoja. Ila matokeo yake mtaani ni ya kusikitisha. Katika kanisa linalokataza, mtu aliyeanza kushindwa hujificha, hula mnanaa na vitunguu ili asinuke, na hugundulika akiwa amekwisha kuzama. Katika kanisa linaloruhusu, hakuna anayemwambia lolote, maana mpaka kati ya kinywaji na ulevi hauna mlinzi, na paroko mwenyewe alikuwapo kwenye sherehe. Wa kwanza huzama kimya kwa hofu, na wa pili huzama huku akipigiwa makofi.

Wazee wa pwani hii hawakuwa na mpaka wa kanisa, lakini walikuwa na mipaka. Aniceti Kitereza wa Ukerewe, aliyemaliza kuandika riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, ikatolewa kwa Kiswahili mwaka 1980, ukingoni mwa maisha yake, anaonyesha jinsi pombe ya ndizi ilivyokuwa deni la heshima. Myombekere anatakiwa kuwapelekea wakwe zake pombe ndipo arudishiwe mkewe. Pombe hiyo ina mwenyewe, ina majira, ina sababu ya kupikwa, na huisha mtungi unapokwisha. Haikuwa pepo; walevi walikuwapo na waliimbwa vibaya. Lakini pombe ya zamani ilikuwa na wageni, na pombe ya leo ina wateja. Tena si bure kwamba lugha ya mitaani, ilipotafuta jina la kumwita mtu aliyekamatwa na unga wa heroini, ilichagua neno «teja», lililo jirani kabisa na mteja.

Mtume Paulo, katika sura ya 7 ya Waraka kwa Warumi, alieleza vita ya mtu ambaye lile jema analolitaka halitendi, na lile baya analolichukia ndilo analolitenda. Hakusema kwamba mtu huyo hana akili, wala kwamba hajui mema. Alisema anajua na anataka, ila yumo katika kifungo. Maneno hayo yanapaswa kusomwa upya na kila mkuu wa kazi anayeamini kwamba mlevi anahitaji kuelezwa madhara ya ulevi. Mlevi anayajua madhara hayo kuliko mhadhiri. Ameyaona chumbani mwake saa kumi alfajiri.

Karne tatu na zaidi baadaye, mtoto wa Afrika Kaskazini, Augustino wa Hippo, aliyezaliwa mwaka 354 katika nchi inayoitwa leo Algeria, alichunguza jinsi kifungo hicho kinavyofuliwa. Kwa maelezo yake, utashi uliopotoka huzaa tamaa, tamaa ikitumikiwa huwa mazoea, na mazoea yasiyopingwa huwa lazima. Pete moja hushikana na nyingine mpaka mnyororo ukakamilika. Wataalamu wa leo wanaochunguza jinsi kileo kinavyougeuza ubongo ujifunze kukidai hawajaiondoa picha hiyo, bali wameijaza maelezo. Na Augustino hakuitoa mbali. Anasimulia kwamba mama yake, Monika, alipokuwa binti alitumwa kuchota divai katika pipa la nyumbani, naye kwa utundu akaonja kidogo. Kesho akaongeza. Siku zikapita, mpaka akawa anakunywa vikombe vilivyokaribia kujaa. Aliyemzindua hakuwa askofu wala mzazi. Ni kijakazi wa nyumba, aliyekuwa akifuatana naye pipani, ambaye siku waliyogombana alimtupia neno la kumwita kilevi. Monika akaona aibu, akaacha. Leo Kanisa Katoliki linamheshimu mwanamke huyo kama mtakatifu, na mabinti wengi wa pwani ya ziwa wanabatizwa kwa jina lake bila kuambiwa habari ya pipa.

Ndiyo kusema, kwa mafundisho ya Kikristo yaliyo sahihi, uraibu ni dhambi na ni ugonjwa kwa wakati mmoja, wala jambo moja haliliondoi lingine. Pete ya kwanza mtu huishika kwa hiari. Mnyororo uliokamilika haukatwi kwa hiari peke yake. Anayesema ni dhambi tu humpiga mgonjwa. Anayesema ni ugonjwa tu humnyima mtu heshima ya kuulizwa atafanya nini kesho.

Lipo kundi la tatu, nalo linakua kwa kasi katika miji ya Kanda ya Ziwa: wale wanaosema ni pepo, kwisha. Mlevi huitwa mbele, huwekewa mikono, huangushwa, na asubuhi hutangazwa kuwa huru. Imani ya watu haifai kudharauliwa, na wapo waliosimama tangu usiku kama huo. Lakini jambo moja lazima lisemwe bila kuzungushwa, maana ni la uhai na mauti. Mtu aliyekunywa pombe nyingi kila siku kwa muda mrefu, akiikatiza ghafla, anaweza ndani ya siku mbili au tatu kutetemeka mwili mzima, kutokwa jasho, kuona vitu visivyokuwapo, kushikwa na degedege na kufa. Mtetemeko huo si pepo anayetoka. Ni mwili uliozoea kileo unaodai kileo, na tiba yake ipo hospitalini, kwa dawa na uangalizi wa daktari. Mchungaji anayemfungia mtu wa namna hiyo katika chumba cha maombi, akamfungisha siku tatu bila chakula wala maji, amebeba dhamana asiyoijua.

Kwa wale wa heroini tiba yao ni tofauti. Tanzania ilianza kutoa methadoni katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili mwezi Februari 2011 ikiwa bado ndoto kwa nchi jirani nyingi, na baadaye huduma hiyo ikafika Mwanza, katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Sekou Toure. Mgonjwa huja kila siku na kunywa kipimo chake mbele ya mhudumu. Wako waumini wanaonung'unika kwamba huko ni kubadili kileva kimoja kwa kingine. Kwa kipimo hichohicho, mgonjwa wa kisukari anayechomwa sindano kila asubuhi angeambiwa hana imani. Methadoni haimpi mtu maana ya maisha, na haikuahidi kumpa. Inampa asubuhi isiyo na arosto, na katika asubuhi hiyo mtu anaweza kusikiliza.

Asikilize nini, na kwa nani? Swali hili kanda hii ilikwisha kulijibu kabla halijaulizwa hospitalini. Mwaka 1929, juu ya kilima cha Namirembe huko Kampala, daktari Mwingereza Joe Church na Mganda Simeoni Nsibambi walikutana na kuomba pamoja. Kutokana na urafiki wao na kazi iliyofanyika Gahini, Rwanda, uliwaka Uamsho wa Afrika Mashariki, ambao katika miaka ya 1930 na 1940 ulivuka mpaka ukaingia Buhaya, magharibi ya ziwa, na kuenea katika makanisa ya Kilutheri na Kianglikana. Askofu Josiah Kibira, aliyekuja kuwa Rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani kuanzia 1977 hadi 1984, alitoka katika uamsho huo. Watu wa nje walikumbuka nyimbo na machozi. Lakini kiini chake kilikuwa kitu kisicho na makelele: ndugu wachache wanakutana kila juma, kila mmoja anaeleza alivyoanguka na alivyosimama tangu walipoachana, na wenzake wanamsikiliza bila kushtuka. Waliita kutembea nuruni. Mlevi aliyeokoka hakuachwa na wokovu wake mkononi kama tiketi. Alipata ukoo mpya, wenye kaka na dada waliojua njia anayopita akitoka kazini.

Wakati huohuo, katika mji wa Akron, Marekani, mwezi Juni 1935, walevi wawili, Bill Wilson aliyekuwa mfanyabiashara ya hisa na daktari wa upasuaji Robert Smith, walianzisha chama cha walevi wanaosaidiana, ambacho leo kinajulikana dunia nzima kwa jina la Alcoholics Anonymous. Wote wawili walikuwa wamepitia mikutano ya Oxford Group, kundi la Kikristo lililosisitiza kuungama mbele ya wenzako na kurekebisha ulichoharibu. Haidaiwi hapa kwamba Akron ilijifunza kwa Gahini, au Gahini kwa Akron. Linalostahili kuangaliwa ni kwamba sehemu mbili za dunia zilizo mbali hivyo zilifika kwenye chombo kimoja: kikao kidogo, cha mara kwa mara, ambamo aliyeanguka hasemeshwi na aliye safi bali na aliyeanguka mwenzake. Basi anayesema kwamba tiba ya namna hiyo ni ya Wazungu na haitufai, aulize wazee wa Bukoba.

Tatizo ni kwamba kikao cha namna hiyo hakina faida kwa mtu anayetaka kuonekana. Mkutano wa uwanjani hujaza magari. Kikao cha watu saba katika chumba cha shule ya Jumapili hakina picha ya kutundika. Ndiyo maana Mwanza mtu atapata mkesha kila Ijumaa, lakini akitafuta mahali pa kusema «jana nilianguka» bila kutolewa katika kwaya, atatembea sana.

Kisa cha Wagerasi kina sehemu ya mwisho ambayo wahubiri wengi huiruka. Nguruwe wapatao elfu mbili walitumbukia ziwani wakafa, na watu wa mji walipokuja wakamkuta yule mtu ameketi, amevaa nguo, ana akili zake timamu. Hawakushangilia. Waliogopa, wakamsihi Yesu aondoke mipakani mwao. Walikuwa wamepiga hesabu ya nguruwe. Hesabu hiyo bado inapigwa. Mwanza ina viwanda vya bia vinavyoajiri watu na kulipa kodi kubwa. Halmashauri hukusanya ada za leseni. Mama mpika pombe husomesha watoto kwa jiko lake, na hakuna mwenye haki ya kumtukana mpaka amwonyeshe jiko lingine. Mwalimu Nyerere alipozungumza na Masista wa Maryknoll huko New York mwezi Oktoba 1970, aliwaambia kwamba Kanisa lisiloshiriki kupambana na mifumo inayowafanya watu kuwa maskini litapoteza maana yake kwa watu. Kambi ya uvuvi isiyo na maktaba, uwanja wa mpira, ushirika wa akiba na mikopo wala nyumba ya familia ni mfumo wa namna hiyo. Kuhubiri kiasi mahali hapo, bila kujenga chochote, ni kumfunga mtu mnyororo wa maneno.

Na jambo jingine: mtu yule alikuwa amevaa nguo. Luka anasema kwamba kabla ya hapo alikuwa uchi kwa muda mrefu. Injili haisemi nani aliyempa nguo. Kuna mtu alivua joho lake au alikwenda kulitafuta, na jina lake halikuandikwa. Kisha mponywaji, aliyeomba kufuatana na Yesu chomboni, alikataliwa. Aliambiwa arudi nyumbani kwake, kwa watu wake, walewale waliokuwa na minyororo.

Uchukuliwe mfano wa mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji chochote cha pwani ya Sengerema au Magu. Kwa miaka miwili wenzake wamemfundishia vipindi vyake na kumwandikia jina kwenye daftari la mahudhurio, wakidhani wanamsaidia. Mwalimu mkuu amechoka; barua ya onyo imetoka, na ya pili iko njiani, kwa kuwa ulevi kazini ni kosa la nidhamu na watoto hawawezi kungoja. Kanisa limemtenga. Hatimaye amekwenda hospitalini Mwanza, amekaa majuma kadhaa, mikono imetulia, na Jumatatu anarudi akiwa na barua ya daktari. Barua hiyo ataipokea mwalimu mkuu na kuiweka katika jalada. Lakini mshahara utaingia siku kumi baadaye, na kutoka shuleni hadi nyumbani kwake kuna vilabu vitatu.

Ni saa kumi ya jioni ya siku hiyo, mpaka saa tatu ya usiku, ambayo mzee wa kanisa na mwalimu wa zamu wanapaswa kuipangia mapema, wakijua pia kwamba huenda ataanguka safari hii na watalazimika kupanga upya mwezi ujao. Si lazima waombe kwa sauti. Wanaweza kusahihisha madaftari ya darasa la nne, kucheza bao, au kutengeneza dawati lililovunjika, kazi yoyote ile, mradi ifanywe na watu wawili.